Usimeze antibayotiki kabla hujaangalia mdomoni: namna ya kutambua, kutibu na kuzuia maambukizi ya kinywa

Mtu akianza kuumwa mdomoni, iwe jino, iwe fizi, iwe kidonda kwenye ulimi, kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta vidonge, na vidonge vyenyewe ni vilevile siku zote, amoksilini na Flagyl, aidha alivibakiza mara ya mwisho alipoumwa au kapewa na jirani ambaye yeye vilimsaidia. Shida ni kwamba vinavyosumbua mdomoni viko vya aina tatu, bakteria, virusi na fangasi, na hizo dawa zinagusa bakteria tu. Ukiwa na fangasi ukameza antibayotiki unaweza ukaongeza fangasi. Ukiwa na virusi umekunywa bure. Na hata kama ni bakteria kweli, jipu la jino haliishi kwa vidonge peke yake, linatulia tu kidogo, alafu linarudi palepale.

Kwahiyo hapa tunaanza na macho, dawa baadaye.

Hatua ya 1: Jiangalie, usikisie

Nawa mikono na sabuni, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu. Kama una meno ya bandia yatoe. Anza na midomo yenyewe na zile pembe zake, alafu vuta mdomo wa chini kwa nje uone ndani yake, na wa juu hivyohivyo. Pitia fizi zote za mbele. Ingiza kidole uvute shavu moja, angalia, kisha la pili. Toa ulimi nje, shika ncha yake na kitambaa safi uupeleke kushoto na kulia, kwa sababu pembeni mwa ulimi ndo sehemu watu hawaangalii kabisa na ni sehemu muhimu. Nyanyua ulimi uone chini yake. Rudisha kichwa nyuma uone kaakaa. Mwisho kabisa tafuta fizi za nyuma ya magego ya mwisho, hapo utahangaika kidogo lakini panaonekana.

Unachotafuta ni uvimbe, utando, kidonda, lengelenge, usaha, damu, na rangi iliyobadilika. Sasa kwenye rangi kuna jambo vitabu vingi vinapotosha, vinasema fizi nzima lazima iwe ya pinki. Sio kweli. Mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza kuwa na fizi za kahawia au zenye madoa meusi toka utotoni na hana tatizo lolote. Kinachohesabika ni kama rangi imebadilika kutoka ilivyokuwa, na kama fizi imekaza vizuri kwenye jino au imelegea, imevimba na inang'aa.

Vipimo vitatu vya kufanya mwenyewe:

Kwanza, ukiona kitu cheupe, zungushia kidole kitambaa laini safi, kiloweshe, kisha futa pale taratibu bila kukwangua. Kikitoka na chini pakabaki pekundu, pengine na damu kidogo, hiyo ni karibu na uhakika kwamba ni fangasi. Kikigoma kabisa kutoka, acha, usiendelee kusugua, hicho kinatakiwa kionwe na daktari wa meno kwa sababu baadhi ya madoa meupe yasiyofutika huja kugeuka saratani.

Pili, chukua kijiko kidogo, kwa upande wa mpini gonga meno moja moja taratibu upande unaouma. Jino moja likikuruka kwa maumivu kuliko wenzake, maambukizi yana uwezekano mkubwa yameshafika kwenye ncha ya mzizi.

Tatu, pitisha vidole chini ya taya na pembeni mwa shingo. Tezi zilizovimba na kuuma ukizigusa ni dalili kwamba mwili uko vitani.

Piga picha pia. Kesho piga tena kwenye mwanga uleule. Daktari ukimwonyesha picha za siku mbili tatu anaelewa haraka kuliko maelezo ya "kulikuwa kumevimba ila sasa kama kumepungua".

Hatua ya 2: Kabla ya yote, hakikisha hauko kwenye hatari

Hii nimeiweka hapa juu makusudi kwa sababu kuna watu wanakufa kwa jino, na wengi wao walikuwa nyumbani wanasubiri kuche.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukiona lolote kati ya haya: uvimbe umeshuka chini ya kidevu na shingoni au umepanda mpaka jicho linafumba, unashindwa kumeza hata mate yako mwenyewe, yanakutoka tu, ulimi umenyanyuliwa juu na sakafu ya mdomo ni ngumu ukiigusa, sauti imebadilika kama mtu anayeongea na kitu mdomoni, unapumua kwa shida, mdomo haufunguki, au una homa kali na kutetemeka na umeanza kuchanganyikiwa.

Kinachotokea ni kwamba usaha wa magego ya chini unatafuta njia, na njia iliyo karibu ni ile nafasi laini iliyo chini ya ulimi na chini ya taya. Ukishajaa pale unasukuma ulimi juu na nyuma, na nyuma ya ulimi ndo kuna njia ya hewa. Hilo linaweza kwenda ndani ya saa chache. Usimlaze mtu huyo chali, mkalishe, na msipoteze muda kutafuta vidonge njiani.

Kwa watoto kuna jambo jingine. Mtoto mdogo aliyedhoofika kwa utapiamlo, hasa kama katoka kuugua surua au malaria, akipata kidonda kwenye fizi, mdomo ukaanza kunuka vibaya na shavu likavimba, huo unaweza kuwa ugonjwa unaoitwa noma. Usiichukulie kama kidonda cha kawaida, inakula shavu na mfupa kwa siku chache tu. Ikiwahiwa mwanzoni, antibayotiki pamoja na lishe na kusafisha kidonda vinaizuia. Shirika la Afya Duniani liliiingiza rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023, na kusahaulika ndo neno lenyewe, maana wahudumu wengi hawajawahi hata kuiona.

Mwenye kisukari, anayetibiwa saratani, au mwenye kinga ndogo kwa sababu yoyote asisubiri hizo dalili zote, uvimbe wa kawaida tu unatosha kumpeleka.

Hatua ya 3: Linganisha ulichokiona

*Fizi zinavuja damu ukipiga mswaki*

Hili ndo tatizo kubwa kuliko yote na ndo linalodharauliwa kuliko yote. Ule utando laini wa njano unaouhisi kwa ulimi ukiamka asubuhi ni bakteria hai. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliukwangua kwenye meno yake mwenyewe akauangalia na hadubini aliyojitengenezea, na mwaka 1683 akaandika barua kuelezea vidudu alivyoviona vikitembea mule. Ukiuacha kando ya fizi, fizi inavimba, inalegea, na ukiigusa na mswaki inatoa damu.

Mtu akiona damu anafanyaje? Anaacha kupiga mswaki pale. Na hapo ndo anaharibu, kwa sababu utando unaongezeka na damu inaongezeka. Unatakiwa ufanye kinyume chake, chukua mswaki laini, ulaze kwa mshazari ili nywele zielekee pale jino linapokutana na fizi, sugua kwa mwendo mfupi mfupi bila kukandamiza, asubuhi na usiku, na katikati ya meno pitisha uzi wa meno au vile vimswaki vidogo. Siku za mwanzo damu itaendelea, usiogope. Ndani ya wiki moja au mbili inapungua na fizi inakaza. Wala huhitaji kidonge chochote.

Isipopungua, uwezekano mkubwa utando umeshakuwa mgumu, yaani ule ukoga ulioshikana na jino kama mawe, na huo mswaki hauwezi kuutoa, wala majivu, wala limao, wala mkaa. Limao ndo kabisa, linakula jino. Unatolewa na vifaa vya daktari wa meno, basi. Na kama umeona meno yameonekana marefu kuliko zamani, yana nafasi mpya, yanacheza, au ukibonyeza fizi inatoa usaha, maambukizi yameshashuka kwenye mfupa unaoshikilia meno. Mfupa uliokwisha haurudi wenyewe, ila ukitibiwa unazuia usiendelee kuisha.

Mvutaji wa sigara asijidanganye kwamba yeye fizi zake hazitoi damu. Sigara inabana mishipa ya damu kwenye fizi, kwahiyo inaficha dalili huku mfupa unaisha. Mwenye kisukari naye ajue hili linakwenda pande mbili, sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka, na fizi zikiwa na maambukizi sukari inakuwa ngumu kushuka. Na mama mjamzito fizi kuvuja zaidi ni kawaida kwa sababu ya homoni, lakini sio sababu ya kuacha, na kutibiwa meno wakati wa ujauzito inaruhusiwa, mwambie tu daktari una miezi mingapi.

*Jino linapwita, shavu limevimba, au kuna kijipele kwenye fizi*

Hili ni jipu la jino. Kawaida linaanza na jino lililotoboka, mwanzoni linauma ukinywa kitu baridi, baadaye linaanza kuuma lenyewe usiku ukilala, alafu siku moja maumivu yanaisha ghafla. Watu wanashukuru. Lakini mara nyingi lililotokea ni kwamba mshipa wa fahamu ndani ya jino umekufa, na bakteria sasa wako huru kushuka mpaka mwisho wa mzizi. Baada ya muda jino linaanza kuuma ukiling'atia, unalihisi kama limepanda juu kuliko mengine, na shavu linavimba.

Kuna lingine lisilouma kabisa. Angalia fizi karibu na mizizi ya jino bovu, unaweza ukaona kipele kidogo chenye kichwa cheupe au cha njano, ukikibonyeza kinatoa kitu chenye ladha mbaya ya chumvichumvi, kinasinyaa, baada ya siku kinajaa tena. Hiyo ni njia ambayo usaha umejichimbia kutoka mfupani kuja nje. Kwa kuwa unatoka hauumi, na kwa kuwa hauumi mtu anakaa nao miaka. Usaha upo, mfupa unaliwa kimyakimya.

Matibabu ya jipu ni kutoa chanzo. Aidha daktari analifungua jino, anasafisha ndani ya mizizi na kuiziba, au analing'oa, na kama kuna usaha uliokusanyika anaupasulia utoke. Antibayotiki zinaongezwa pale tu ambapo maambukizi yanasambaa, kuna homa, tezi zimevimba, au mgonjwa ana kinga dhaifu. Sababu yenyewe ni rahisi, dawa inasafiri kwenye damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu tena, kwahiyo dawa haifiki walipo bakteria. Ndo maana mtu anakunywa dozi baada ya dozi na jipu linarudi kila baada ya miezi.

Usilitoboe mwenyewe na sindano au pini. Usiweke kidonge cha aspirini kwenye fizi, kinaunguza nyama na kuacha kidonda cheupe, hapo unakuwa na matatizo mawili.

*Fizi imevimba nyuma ya gego la mwisho*

Hii inawapata sana vijana wa miaka 17 mpaka 25 hivi, gego la mwisho linapotoka nusu na kipande cha fizi kikabaki kimelifunika. Chakula kinaingia chini ya hicho kipande, bakteria wanapata makazi, pananuka, pamevimba, na kufungua mdomo ni shida. Sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu mara nyingi kwa siku, safisha pale na mswaki mdogo wa mtoto, na umwone daktari. Ikijirudia rudia mara nyingi suluhisho ni kuling'oa.

*Fizi zinauma sana, zina utando wa kijivu, mdomo unanuka ghafla*

Hapa zile ncha za fizi zilizo katikati ya meno zinakuwa kama zimekatwa, zinatoa damu bila hata kuguswa. Inakuja ghafla, na inawapata zaidi wavutaji, watu walio kwenye msongo mkubwa, wasiokula vizuri na wenye VVU. Hii ni moja ya sehemu chache mdomoni ambapo metronidazoli (ndo ile Flagyl) kweli inafanya kazi nzuri, lakini pamoja na kusafishwa na daktari, na ni vizuri ukapima na VVU kama hujui hali yako.

*Utando mweupe unaofutika*

Fangasi anayeitwa kandida anaishi midomoni mwa watu wengi bila ugomvi, anakuja juu pale kitu kikivuruga mizani. Kitu chenyewe kinaweza kuwa antibayotiki ulizotoka kumeza, dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi, kisukari, meno ya bandia yanayolaliwa nayo, mdomo mkavu, VVU, au tu umri wa uchanga. Unaonekana kama mabaki ya maziwa yaliyoganda kwenye ulimi, mashavu na kaakaa. Kwa anayevaa meno ya bandia wakati mwingine hakuna weupe wowote, kaakaa linakuwa jekundu tu kwa umbo lileile la meno ya bandia. Pembe za mdomo zikichanika na kuuma ukifungua mdomo, mara nyingi ni huyuhuyu fangasi akisaidiana na bakteria.

Dawa ya kawaida ni nistatini ya maji, na hapa watu wengi wanaitumia vibaya, wanaimeza moja kwa moja kama dawa ya kikohozi. Hii dawa inaua fangasi kwa kumgusa, haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana, kwahiyo ikipita tu kooni umeipoteza. Tikisa chupa, kula na kunywa kwanza umalize, chukua kipimo chako (mtu mzima kawaida ml 4 mpaka 6, mara 4 kwa siku), izungushe mdomoni kote, ikae muda mrefu unavyoweza kuvumilia, ndo umeze. Baada ya hapo kaa kama nusu saa bila kula wala kunywa. Utando ukiisha usiache siku hiyohiyo, endelea siku 2 zaidi.

Kwa mtoto mchanga gawa kipimo alichoandikiwa, nusu shavu hili, nusu shavu lile, baada ya kunyonya, ukimdondoshea kidogo kidogo pembeni na sio katikati ya ulimi. Unaweza pia kuipaka kwa kidole kisafi kwenye utando. Kama ananyonya na mama ana chuchu zinazowasha, zinazong'aa au zinazochoma, wote wawili watibiwe pamoja, la sivyo wataambukizana kila siku. Chuchu za chupa na vya kunyonyea vyote vichemshwe. Na tofautisha na maziwa: maziwa yanakaa kwenye ulimi tu na yanafutika bila kuacha wekundu.

Ile jeli ya mikonazoli ni nzuri lakini usimpe mtoto wa chini ya miezi 4, inaweza kumkaba, na mtu anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu asiiguse bila daktari kujua kwa sababu inaweza kumletea kutokwa damu. Fangasi mgumu zaidi anatibiwa na vidonge vya flukonazoli, hivyo viandikwe na daktari.

Mtu mzima aliyepata huu utando bila sababu inayoeleweka, yaani hajameza antibayotiki, hatumii dawa ya pumu, hana meno ya bandia, akapime sukari na VVU. Sio kumtisha mtu, ni kwamba mdomo mara nyingi unatangulia kusema.

*Malengelenge*

Virusi vya hapisi aina ya kwanza wanavyo zaidi ya watu bilioni 3 duniani, wengi walivipata utotoni, na vikiingia vinajificha kwenye mshipa wa fahamu maisha yote. Mara ya kwanza, hasa kwa mtoto kati ya miezi 6 na miaka 5, vinaweza kuja kwa kishindo, homa, fizi nyekundu zimevimba, vidonda vingi vidogo, mate yanamwagika, mtoto hataki kula wala kunywa. Kinachomdhuru hapo ni kukosa maji kuliko virusi vyenyewe. Mpe vinywaji baridi kidogo kidogo kila dakika chache, dawa ya maumivu kwa uzito wake nusu saa kabla ya chakula, na kama hajakojoa kwa saa 8 hivi au analia bila machozi mpeleke. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Dawa ya asikloviri inasaidia ikianzwa ndani ya siku 3 za mwanzo, kwahiyo kumpeleka mapema kuna faida.

Kama vidonda vya mdomoni vimekuja pamoja na vipele kwenye viganja na nyayo, hivyo ni virusi vingine, vinapita vyenyewe ndani ya siku 7 mpaka 10, huduma ni ileile ya maji na kutuliza maumivu.

Kwa watu wazima hapisi hurudi kwenye ukingo wa mdomo, ukiwa na homa, umechoka au umepigwa na jua. Kabla hata ya kutokea unasikia pananyonyota na kuwasha. Hapo ndo pa kupaka krimu ya asikloviri, mara 5 kwa siku, ukisubiri mpaka patoke gamba umechelewa. Usimbusu mtu, usichangie kikombe wala mswaki, nawa mikono ukishapagusa na usiguse jicho. Na mtoto mchanga usimkaribie na mdomo huo hata kwa utani, hapisi kwa mtoto wa wiki za mwanzo inaweza kuua.

*Kidonda kimoja cha duara, katikati cheupe, ukingo mwekundu*

Hiki kinauma kupita ukubwa wake lakini kwa kawaida sio maambukizi, wala hakiambukizi. Kinapona chenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili. Kikirudi mara kwa mara kapime damu, upungufu wa madini ya chuma, foliki au vitamini B12 unaweza kuhusika.

Ila kidonda chochote, kinauma hakiumi, kikifika wiki 3 bila kupona, au uvimbe mgumu, au doa jekundu lisiloondoka, kapimwe saratani. Kisichouma ndo cha kukiogopa zaidi.

Hatua ya 4: Kutuliza wakati unasubiri daktari

Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua taratibu, tema. Inasafisha na kupunguza uvimbe, haitibu jipu. Kama umetoka kung'oa jino usisukutue kabisa kwa saa 24 za kwanza, utaliondoa donge la damu linaloziba shimo.

Maumivu ya jino yanasikia zaidi ukichanganya parasetamo na ibuprofeni kuliko kila moja peke yake. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida, parasetamo vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, isizidi vidonge 8 kwa siku, na mwenye ini bovu apunguze kwa ushauri. Ibuprofeni mg 400 mara 3 kwa siku, baada ya kula. Ibuprofeni hawafai wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wajawazito, na wenye pumu inayochokozwa na dawa za jamii hiyo, hao wabaki na parasetamo. Weka kitambaa chenye kitu baridi nje ya shavu dakika 15, toa, rudia. Lala kichwa kikiwa juu, utaona kupwita kunapungua.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2 inasaidia fizi ambazo huwezi kuzigusa na mswaki, ml 10 kwa dakika 1 mara 2 kwa siku, ila usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, acha kama nusu saa ipite. Isigeuke mazoea, baada ya wiki kadhaa inapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha.

Hatua ya 5: Ukiandikiwa antibayotiki

Mwambie daktari kama uliwahi kupata vipele, kuvimba uso au kukosa pumzi ukimeza penisilini, maana amoksilini ni ukoo uleule. Ukiwa kwenye metronidazoli achana na pombe mpaka siku 3 baada ya kumaliza. Usigawane na mtu, na usibakize za mara nyingine. Doksisaikilini na ndugu zake za tetrasaikilini hawapewi ovyo watoto wa chini ya miaka 8 kwa sababu zinaweza kubadilisha rangi ya meno moja kwa moja. Na kama baada ya siku 2 mpaka 3 uvimbe haujashuka, rudi, usiongeze dozi mwenyewe.

Hatua ya 6: Ili usirudi huku tena

Mswaki wa usiku ndo wenye thamani kubwa, kwa sababu ukilala mate yanapungua sana na mate ndo yanayolinda meno. Dakika 2, dawa ya meno yenye floridi, angalia kwenye boksi pameandikwa ppm, kwa mtu mzima tafuta 1350 mpaka 1500. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi, acha ile floridi iliyobaki ifanye kazi. Watu wanaona kinyaa mwanzoni, wanazoea.

Mtoto anaanza siku jino la kwanza linapochomoza, dawa ya kiasi cha punje ya mchele mpaka afike miaka 3, kisha punje ya njegere. Amsugulie mtu mzima mpaka afike kama miaka 7, mkono wa mtoto bado hauwezi kufika nyuma. Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni.

Kwenye sukari, idadi ya mara unazokula ina uzito kuliko kiasi. Kila ukionja kitu kitamu bakteria wanatoa asidi kwa kama nusu saa. Soda ya chupa moja ukiinywa pamoja na chakula ukaimaliza, jino linashambuliwa mara moja, ukiiweka mezani ukaivuta kidogo kidogo mchana kutwa, jino halipati nafasi ya kupumzika.

Anayevuta dawa ya pumu atumie ile chemba ya kuvutia dawa (kopo la plastiki linalochomekwa kwenye dawa) kama anayo, na akimaliza asukutue maji na kutema kila mara. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe kwa mswaki na sabuni ya kawaida (dawa ya meno inayakwaruza), na yalale kwenye maji. Mswaki wa kawaida ubadilishwe kila miezi 3, na ule uliotumia ukiwa na fangasi au malengelenge utupe ukishapona.